Hai ya kwetu, Hai ya wageni

Moshi,
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mvua zimeanza na mlima umejifunika tangu asubuhi. Sisi hatujambo, mtoto ameota meno mawili.

Nakuandikia kwa ajili ya ule ubishi wetu wa Krismasi. Ulishikilia kwamba maneno yakifanana, basi lugha zake ni ndugu, nami nikakosa la kujibu. Juma lililopita nilikuwa napeleka wageni Machame wakapande mlima. Tulipofika kwenye kibao cha Wilaya ya Hai, mama mmoja Mjerumani akacheka, akauliza kama huku kuna papa. Kumbe kwao Hai ni papa, yule samaki wa baharini! Nikamweleza kwamba kwetu aliye hai ni yule anayepumua. Mjapani wa kiti cha nyuma akasema kwao hai ni "ndiyo". Kijana wa Vietnam akanyoosha vidole viwili: kwao hai ni mbili. Gari moja, neno moja, maana nne.

Tena Mjerumani akisema Papa, anamwita baba yake. Yaani papa wetu kwake ni Hai, na Papa wake kwetu ni baba. Nililirudia hilo kichwani mpaka getini.

Sasa udugu uko wapi? Hai yetu ilitoka kwenye Kiarabu, na Kiebrania kina neno linalokaribiana nalo sana, lenye maana ileile ya uhai, kwa kuwa lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja. Hapo umeshinda. Lakini Kijapani na Kiswahili kila kimoja kina irabu tano tu, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Maneno mafupi yakifinyangwa kwa udongo mchache hivyo, mengine yatagongana tu. Udugu wenyewe hujirudia: sisi tuna mtu na watu, Wachaga wana mndu na wandu, Wazulu wana umuntu na abantu. Sauti zinafuatana, maana inafuatana, hata wingi unafuatana. Neno moja pekee halitoshi kuwa shahidi.

Lililonigusa zaidi ni mama. Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson alieleza kwamba mtoto anaponyonya, midomo ikiwa imebana titi, sauti inayoweza kumtoka ni ule mngurumo wa puani. Akishalizoea titi, huo huo mngurumo ndio anaoutoa anapolitaka, na sisi wakubwa tunaupa maana. Ndiyo sababu mama yuko katika lugha nyingi zisizojuana kabisa. Ila huko nchini Georgia, mama ni baba! Mama mzazi wanamwita deda.

Jana usiku mume wangu alimbeba mtoto wetu. Mtoto akamkazia macho baba yake, akamwita, "Mama."

Nikamwambia, "Itika."

Nakungoja Pasaka.

Rafikiyo