Farasi wa van Deventer hawakufika Tabora

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu brigedi ya wapanda farasi wa Afrika Kusini katika Vita vya Kwanza vya Dunia imeandikwa kwa ufundi. Lakini mwandishi amewafikisha farasi hao mpaka Tabora, na hapo ndipo sisi wa huku tunashindwa kunyamaza.

Jenerali van Deventer, kiongozi wa wapanda farasi hao, aliingia Kondoa Irangi tarehe 19 Aprili 1916. Mwendo wake kutoka Arusha ulikuwa wa kasi kweli, ila makala haisemi alifika na farasi wa hali gani. Masika ilikuwa imekolea, njia zimekuwa tope, chakula hakipiti, na wanyama wanakufa kila kukicha. Usiku wa 9 Mei von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashambulia pale akashindwa, lakini brigedi nayo ilikwama Kondoa kwa wiki nyingi. Reli ya Kati waliifikia Dodoma mwishoni mwa Julai.

Mimi nilikuwa bwana mifugo, miaka mingi Urambo na Sikonge, kwa hiyo habari za ndorobo sikuzisoma kitabuni. Mdudu huyu hufuata kitu kikubwa, cheusi, kinachotembea mchana. Safu ya farasi porini kwake ni karamu. Ng'ombe mwenye nagana, ugonjwa anaoueneza mdudu huyo, hukonda taratibu, manyoya yakasimama, na mwenye mali anapata muda wa kutuita. Farasi hana uvumilivu huo: homa, damu inakauka, tumbo linavimba kwa chini, kwisha. Kuna na ule ugonjwa mwingine wa farasi unaoenezwa na visubi wa usiku, ambao humtoa mnyama povu puani na kumuua kwa siku chache tu. Sindano tunazochoma leo dhidi ya nagana hazikuwepo wakati ule. Majenerali walionywa juu ya maeneo ya ndorobo, wakaenda hivyo hivyo. (Hata leo ukimwonya mtu asipeleke mifugo kwenye pori fulani anakuitikia, kesho unamkuta hukohuko.)

Farasi akishakufa, mzigo wake unahamia kichwani mwa mtu. Hesabu za Waingereza wenyewe zinakubali wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa upande wao, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Makala yenu ya kurasa mbili imewapa sentensi moja.

Tabora ilichukuliwa na watu wa miguu. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni kutoka Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, waliingia Kigoma tarehe 28 Julai 1916, wakafuata reli kuja mashariki, wakapigana Usoke na Lulanguru. Wenzao waliotoka kaskazini walipambana Itaga. Mji ulianguka 19 Septemba, Jenerali Wahle wa Wajerumani akiwa ameshaondoka na askari wake. Kikosi cha Waingereza kilichotokea Mwanza chini ya Sir Charles Crewe kilikuta mambo yamekwisha. Tombeur alikuja kupewa ubaroni uliobeba jina la mji wetu, na vijana wa hapa ukiwauliza hawana habari.

Kama sehemu ya pili ipo, naomba ianzie Kigoma, mwandishi apande treni ashuke Usoke na Lulanguru, aende na Itaga, awaulize wazee wa Kinyamwezi babu zao walibebeshwa nini na walilipwa nini.

Bwana Mifugo Mstaafu,
Isevya, Tabora