Harambee ya Vipimo vya Jeni kwa Wagonjwa Wetu wa Saratani ya Mapafu

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wanaparokia, tunaona haya kuwabishia tena hodi kabla hamjapumua na harambee ya mabati. Lakini jambo hili haliwezi kungoja.

Mama mmoja wa kwaya yetu, ambaye hajavuta sigara maishani, alitibiwa kifua kikuu kwa miezi, kikohozi kikakataa. Mwishowe alitolewa kipande cha nyama pafuni, kikaonyesha saratani. Kipande hicho, chembamba kama punje ya mchele, kimehifadhiwa ndani ya nta huko maabara. Kipimo cha jeni, yaani maagizo yanayoongoza kazi za seli, hakijafanywa kwa sababu pesa hazijapatikana. Wagonjwa wengine wa parokia hii wamekwama papo hapo.

Wazee wameuliza kipimo hicho ni cha nini, na wana haki ya kuuliza. Saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja. Kwa wengine, jeni iitwayo EGFR imeharibika, ikawa inaamuru seli zigawanyike bila kukoma. Seli hizo huishi kwa kuitegemea amri hiyo, ukiikata, zinakufa. Mwaka 2004 watafiti wa Boston waligundua kwamba hii ndiyo sababu vidonge vya gefitinib, vinavyoikata amri hiyo, viliwainua kitandani wagonjwa wachache na kushindwa kwa wengi. Hitilafu hiyo huonekana zaidi kwa watu wasiovuta sigara. Jeni nyingine, KRAS, ilishinda wataalamu kwa miongo mingi, hadi dawa yake iitwayo sotorasib ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Nayo saratani hujibadilisha, dawa ya jana ikaacha kufanya kazi, kwa hiyo utafiti lazima uendelee.

Katika utafiti huo sisi Waafrika tumo wachache mno. Mgonjwa atakayeridhia kwa sahihi yake, matokeo na masalio ya kipande chake watapewa watafiti, bila jina.

Hatutawaficha: kipimo si dawa, na dawa zenyewe ni ghali. Lakini bila kipimo daktari anatibu kwa kubahatisha, na mgonjwa anapoteza nguvu kwa dawa isiyomfaa.

Ndugu zangu, mtu akifa hapa kwetu, kamati ya mazishi hupata gari, jeneza na chakula kwa siku tatu. Mungu awabariki kwa hilo. Mbona aliye hai, anayekohoa katika benchi la mbele, tumwambie angoje? Ninyi ndio mliomlipia karo yule kijana wa chuo cha ualimu hadi akamaliza. Tunawajua.

Harambee ni Jumapili ijayo baada ya misa ya pili. Kila jumuiya ije na bahasha yake na orodha ya ahadi. Nambari ya M-Pesa iko kwenye ubao wa matangazo. Msitume kwa simu ya mtu binafsi. Pesa zitalipwa moja kwa moja maabara, na mhazini atabandika risiti na hesabu zote mlangoni pa kanisa. Asiyeweza kufika amkabidhi mwenyekiti wa jumuiya yake kabla ya Jumamosi jioni.