Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Wete

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu,
Assalaam alaykum.

Mwaka huu klabu yetu imechunguza Chama cha Umma, chama cha siasa cha Zanzibar ambacho katika madaftari yetu kimepewa mstari mmoja tu. Hatushangai sana, maana hakikutimiza hata mwaka.

Kilianzishwa katikati ya 1963 na Abdulrahman Mohamed Babu, Katibu Mkuu wa Hizbu, yaani chama cha ZNP, baada ya kutoka jela na kukosana na wenzake juu ya uteuzi wa wagombea. Vijana wa mrengo wa kushoto wakamfuata, wengine wakiwa wamepita Cuba na China, wakiitana makomred. Pemba haikukosa mtu: Ali Sultan Issa ni mzaliwa wa hapa hapa Wete.

Mheshimiwa, lililotushughulisha zaidi ni hili. Zama zile mtu aliulizwa kabila kabla hajaulizwa fikra. Umma ikasema mgawanyiko wa kweli ni wa tabaka, ikakusanya Waarabu, Waafrika na Wangazija chini ya bendera moja. Kama wananchi wa kawaida wangewaelewa, hatujui kura zingesema nini, kwa sababu uchaguzi wa Julai ulipita bila wao. Chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura, kikaishia na viti 13 kati ya 31. Hizbu na mshirika wake, chama cha ZPPP, wakaunda serikali.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba. Mwanzoni mwa Januari 1964 Umma ikapigwa marufuku, Babu akavukia Dar es Salaam. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 akarudi, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na Salim Ahmed Salim, mwenye miaka 22, akapelekwa ubalozi Misri. Machi chama kikajivunja na kuingia Afro-Shirazi. Kwa maoni yetu hapo ndipo kilipomalizika hasa, si kwenye ile marufuku. Alipouawa Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, mwaka 1972, makomred wengi walitiwa ndani. Babu alifungwa Bara hadi 1978.

Wanaoyakumbuka haya sasa ni wazee sana, na baadhi yao wametukubalia kuzungumza. Tunaomba utusaidie kinasa sauti kimoja, na nauli ya boti kwa wanafunzi wanne wende jumba la Nyaraka, Kilimani, Unguja, kusoma magazeti ya 1963.

Tunaomba kuwasilisha.