Jazi huru na tatizo la spika moja

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kuwa jazi huru, ile isiyofungwa na mpangilio wa kawaida wa jazi, ni kupiga ovyo, na kwamba mpiga saksafoni Ornette Coleman alivuma kwa ukaidi tu. Wengi wao wameisikia Free Jazz, rekodi yake ya 21 Desemba 1960, kupitia spika moja ya simu. Kwa spika hiyo, lawama zao nazielewa.

Rekodi ile ni bendi mbili za watu wanne wanne zinazopiga kwa pamoja kwa dakika 37 hivi. Vaa vipokea sauti vya masikioni, na cha kushoto kiwe kushoto kweli. Sikio hilo litampata Coleman na saksafoni ya alto, Don Cherry na tarumbeta ndogo, Scott LaFaro kwenye besi na Billy Higgins kwenye drams. La kulia litawapata Eric Dolphy na klarineti ya besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Charlie Haden kwenye besi na Ed Blackwell kwenye drams. Spika moja huwamwaga wote chungu kimoja: besi zinafunikana, drams zinakuwa mvua juu ya bati. Ukiwatenganisha, utamsikia Haden akikaa chini na kushikilia mwendo, LaFaro akipanda juu.

Na utaratibu upo. Zamu ya solo inapobadilika, wapulizaji huingia na kipande kifupi kilichopangwa. Hicho ndicho alama yako usipotee. Kilichoondolewa ni mlolongo wa akodi (noti kadhaa zinazolia kwa pamoja) uliopangwa kabla. Ndiyo maana hakuna piano: mpiga piano akishabonyeza akodi, amewachagulia wenzake njia. Hapa besi humfuata mwenye solo. Bendi zinazoiga huharibu hapo hapo, kwa kuacha akodi na kuacha kusikilizana.

Coleman alichekwa pia kwa saksafoni yake ya plastiki nyeupe, aina ya Grafton, aliyoinunua 1954 kwa kuwa ya shaba ilimshinda bei. Ni chombo cha kubembeleza: mwili wake wa akriliki ukidondoka unapasuka, na springi zake si za kawaida, hivyo fundi hupata taabu. Lakini sauti yake kavu ilimfaa mtu aliyetaka saksafoni ilie kama binadamu.

Mtoto huyo wa Fort Worth, Texas, aliyezaliwa 1930, aliwahi kuendesha lifti Los Angeles huku akijisomea nadharia ya muziki. Novemba 1959 alianza kupiga kwenye klabu ya Five Spot, New York, kwa mkataba wa wiki mbili, zikawa miezi. Tuzo ya Pulitzer ya muziki ilimfikia 2007, kwa albamu yake Sound Grammar.

Anayeanza asianzie kwenye zile dakika 37. Aanze na Lonely Woman, kibao cha Coleman cha 1959: drams zinakimbia, saksafoni na tarumbeta zinajikokota juu yake, na hakuna anayemngoja mwenzake.

Mpenzi wa jazi