Meli ya Nkhata Bay na saa moja iliyonipotea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Kila bandari ya Mbamba Bay, kule Ziwa Nyasa upande wetu wa Tanzania, inapoandikwa, nasoma makaa ya mawe, saruji na shehena za wafanyabiashara wakubwa. Sina ugomvi na makaa. Mimi nauza mchele hapa Uyole, na ninayemsemea ni abiria wa kawaida anayetaka kuvuka Ziwa Nyasa siku mbili tatu, aione Malawi, arudi kwake.

Nimevuka mara moja tu, mwaka 2004, mimi na mdogo wangu wa kike. Wengi wetu huku Mbeya tukisema tunakwenda Malawi, tunamaanisha basi na mpaka wa Kasumulu. Kwa maji ni safari nyingine kabisa. Tulipandia Itungi, Kyela, meli ikaambaa na Milima ya Livingstone, ambayo inateremka wima mpaka majini. Kituo cha Lupingu hakikuwa na gati. Mitumbwi iliikimbilia meli, watu wakashuka kwa ngazi ya ubavuni na watoto mgongoni, kuku, magodoro, vyungu vya Wakisi vilivyofungwa majani ya migomba. Chungu kimoja kilipita mikono saba bila kupata ufa, nilihesabu. Usiku, karabai za wavuvi wa dagaa zilijaa ziwani hata mdogo wangu akaanza kukusanya mizigo, akidhani tumefika mjini.

Toka Mbamba Bay tukakata ziwa. Mwera, ule upepo wa kusi, ulikuwa umeanza kuvuma na mdogo wangu alitapika njia nzima, basi tusiyaseme sana hayo. Viza hatukudaiwa, Mtanzania hugongewa mhuri tu. Nkhata Bay ni mji mdogo uliojibanza kwenye ghuba, nyumba zimeparamia vilima. Tulikula kondowole, ugali wao wa muhogo unaovutika kama mpira, kwa usipa, dagaa walewale wa kwetu. Nikanunua vitenge viwili. Kwao ni chitenje, bei tulipatana kwa vidole.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Tuliambiwa meli inarudi kesho yake saa nne asubuhi. Asubuhi hiyo nikatazama saa ya ukutani pale tulipolala: saa tatu na robo. Nikaagiza chai nyingine. Saa ya mkononi ya mdogo wangu ilisema saa nne imeshapita, nami nikamwambia aitupe, imeharibika. Mwenye nyumba ya wageni akapita, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Amayi, leo hamwondoki?" Tulipofika gatini meli ilikuwa imebaki moshi. Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, Ndugu Mhariri, na meli ilikuwa inafuata saa za nyumbani. Hakuna aliyetuambia, wala tiketi haikuandika.

Nikauliza meli nyingine lini. Karani akasema labda wiki ijayo, labda ile inayofuata. Tukarudi kwa nchi kavu: Mzuzu, halafu Karonga, ambako mama mmoja Mngonde alituamkia kwa lugha ambayo ni kama Kinyakyusa chetu, nikatokwa na machozi kwa uchovu na furaha pamoja. Kisha daraja la Mto Songwe, tukaidaka tena ile saa yetu. Nauli zilimeza faida ya magunia mawili ya mchele.

Siku hizi tuna MV Mbeya II, iliyotengenezwa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Kwa hiyo meli siombi. Naomba ubao. Pale bandarini Kyela na pale Mbamba Bay paandikwe ni siku gani kuna meli ya kwenda ng'ambo, siku gani ya kurudi, na saa ya kuondoka iandikwe kwa nchi zote mbili kando kwa kando: ya Tanzania na ya Malawi. Tiketi nayo iandikwe hivyohivyo. Mwera ukichafua ziwa na safari ikaahirishwa, tutumiwe ujumbe kwenye simu; matangazo ya bahati nasibu tunatumiwa kila siku bila kuomba. Mtu wa Tukuyu au Makete hawezi kuteremka mpaka ziwani, alale siku tatu kwenye benchi, ndipo aambiwe meli haiendi.

Nimeomba haya kwa sababu nataka kwenda tena. Mjukuu wangu amesoma habari za Likoma, kile kisiwa cha Malawi kilicho jirani na ufuko wa Msumbiji, chenye kanisa kuu la Waanglikana lililoanza kujengwa mwaka 1903, na haniachi nipumzike. Mdogo wangu naye amekubali kuja, mwera au pasipo mwera, kwa sharti moja: saa atashika yeye.

Muuza mchele,
Uyole, Mbeya