Gari Lako Lina LSD Kweli, au Imebaki Stika Tu?

Mvua zikishika, pikapu zinazobeba nyanya kutoka mashamba ya Ilula hufika hapa gereji na tope mpaka milangoni. Lalamiko ni lilelile: "Fundi, niliuziwa gari lenye LSD, mbona likinasa tairi moja linazunguka bure na la pili limetulia?"

Jibu mara nyingi liko ndani ya difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili. LSD (limited-slip differential) ni difu isiyoacha nguvu yote iishie kwenye tairi moja. LSD ya pikapu nyingi za Kijapani ina pleti ndogo za klachi zinazozuia tairi moja lisikimbie peke yake. Pleti huisha. Stika haiishi.

Unaweza kupima mwenyewe. Weka kabari matairi ya mbele, nyanyua ekseli yote ya nyuma, uikalishe juu ya stendi, usitegemee jeki. Achia hendibreki, weka gia fri, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likifuata upande uleule, pleti bado zinashika. Likigeuka kinyume, basi difu ni ya kawaida au LSD imekufa. Pengine halitatikisika kabisa, ila propela, ule mhimili mrefu unaoleta nguvu kwenye difu, ndiyo inazunguka. Hapo ingiza gia ujaribu tena: kwa difu ya kawaida la pili litarudi kinyume bila ubishi, kwa LSD nzima utatoka jasho.

Kamwe usiwashe injini na kuingiza gia tairi moja likiwa juu. LSD ikiwa nzima, lile lililo chini litaliondoa gari kwenye jeki, na wewe pengine uko uvunguni.

Wenye Subaru Forester, msivunjike moyo haraka. Nyingi zina LSD ya ute wa silikoni, nayo ukiizungusha polepole inaweza kuonekana kama haina kitu. Hizo tunazipima barabarani, kwenye changarawe.

Kama gari linatetemeka na kugugumia ukikata kona kali taratibu, usikubali difu ifunguliwe siku hiyo hiyo. Tunaanza na oili: tunamwaga iliyomo, tunaweka ya LSD, kisha tunalizungusha gari uwanjani kwa umbo la nane ili oili ipenye kwenye pleti. Wapo walioshusha difu nzima kwa kosa la oili tu.

Kabla ya kuja, angalia matairi ya nyuma. Moja likiwa jipya na jingine kipara, pleti zinasagana hata kwenye lami iliyonyooka, na hilo tutakuambia ubadilishe kwanza.