Kwa yule kaka wa bajaji pale Nane Nane
Jamani nimshukuru kaka mmoja wa bajaji, jina hata sikuuliza, Jumatatu asubuhi mvua ya Mbeya mnaijua, tope limeshika magongo yangu yote mawili na mimi nawahi kufundisha wanafunzi namna ya kutoa ushauri nasaha kwa watu waliopata ulemavu ukubwani. Wengine wanakudaka tu mkono kama lumbesa ya viazi, yeye akauliza kwanza, "dada nikushike wapi?", akabeba begi akaenda mwendo wangu mdogo mdogo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, ila swali kama lile mi nalifundisha muhula mzima na nusu ya darasa bado wanasahau hahaha. Nauli alikataa. Kaka ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), mwavuli wako bado ninao.